Mzee Aliyeonekana Mpaka Nyusi

Ninyi mnaotengeneza tovuti mkiwa mmelala chali, simu juu ya pua, kaeni vizuri kidogo. Nataka kuwaambia habari za ukurasa mmoja wa intaneti nilioutibu Shinyanga mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati ambapo watu wenye modemu mjini kwetu ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki.

Sikuwa mtaalamu wa tovuti. Nani alikuwa mtaalamu? Nilikuwa fundi wa taipureta, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwenye bisibisi sita na kopo la mafuta ya mashine. Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini, watu walidhani kwa kuwa nazo zina herufi za kubonyeza, basi ni ukoo mmoja na taipureta. Nikaitwa, nikaenda. Nilijifunza palepale mbele ya mwenye mali huku nimekunja uso kama daktari, na mara nyingi nilikuwa najifunza sekunde tatu kabla ya kuulizwa.

Sasa nimestaafu na macho yamechoka, lakini kushangaa sijastaafu. Ninyi hamshangai, na hilo ndilo linaloniudhi kwenu. Mtu anagusa kioo, neno linaruka kutoka Geita mpaka ng'ambo na kurudi kabla hajapepesa macho, naye anapiga miayo! Mimi neno la kwanza nililoliona likisafiri hivyo lilinitoa jasho, na mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Mwenye ukurasa alikuwa Bwana Kantilal, mfanyabiashara wa Kihindi aliyezaliwa Shinyanga na kukulia nyuma ya duka la baba yake. Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Duka lilikuwa la vitambaa, na chumba cha nyuma kilikuwa na cherehani sita na washonaji sita. Zamani walishona sare za shule, lakini kazi hiyo ilikuwa imepungua mpaka cherehani nyingine zilikuwa zinafutwa vumbi tu.

Halafu watafiti wa dhahabu wakaanza kumiminika Kahama na Geita, na Kantilal akagundua jambo ambalo wengine hatukuliona. Watu wale wanatoboa mashimo, wanatoa mawe yaliyosagika, na kila mita ya shimo inawekwa kwenye mfuko wake mdogo wa pamba, unaandikwa namba, unapelekwa maabara. Mashimo mengi, mifuko mingi mno. Na mifuko hiyo ya pamba walikuwa wanaiagiza kutoka nje, inakuja kwa ndege, inashuka katikati ya mashamba yetu ya pamba. Kantilal aliponieleza alicheka mpaka akashika meza.

Basi akawatengenezea washonaji wake kipimo cha mfuko, akanunua majora ya amerikani, akaandikia barua kambi na ofisi za watafiti. Na kwa kuwa watafiti walikuwa watu wa kompyuta, akaagiza ukurasa wa intaneti kwa bwana mmoja wa Mwanza mwenye tai na mkoba. Anwani ya ukurasa ikaandikwa juu ya kila barua kwa wino mwekundu. Mwaka ukakaribia kuisha. Hakuna aliyeandika wala kupiga simu hata kuuliza njia.

Kaka yake Kantilal alikuwa na karakana ya nguo Dar es Salaam na alizihitaji zile cherehani. Wakakubaliana: masika yakiisha bila kazi ya mifuko kupatikana, zote sita zinapanda lori. Washonaji wasingepanda nazo. Mkubwa wao alikuwa Mama Kulwa, mjane wa Tinde aliyeajiriwa na marehemu baba yake Kantilal, na cherehani yake aliikalia tangu Kantilal akiwa anavaa kaptula. Alikuwa na wajukuu wanne waliokula kutokana na mguu wake ule uliokanyaga pedali. Nani angemwajiri mshonaji wa umri ule mahali pengine?

Ndipo nikaitwa kuukagua ukurasa.

Kantilal aliwasha kompyuta, modemu ikalia kilio chake, tukasubiri. Ukurasa ukatokea. Kitu cha kwanza kilikuwa picha ya marehemu baba yake, Mzee Vallabh, amesimama wima kuanzia kofia nyeusi mpaka ndala, shada la maua shingoni. Picha ileile ilikuwa ukutani juu ya kaunta. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka Kantilal aliiwashia udi, kisha aliigusa miguuni, kama watoto wa Kihindu wanavyowagusa miguu wakubwa wao kwa heshima. Na ukurasa aliutaka hivyohivyo. Mgeni amwone Mzee kwanza, mzima, na ili aingie ndani kwenye habari za mifuko, abonyeze miguuni. Pale kwenye ndala palikuwa na neno Karibu, na neno lenyewe lilikuwa limechorwa ndani ya picha.

"Bonyeza, fundi," akaniambia.

Nikabonyeza miguu ya Mzee kwa adabu zote. Tukaingia. Kulikuwa na salamu ndefu, historia ya familia, halafu mifuko. Kila kitu kilifunguka haraka, nikavutiwa.

"Ukurasa wako mzima wa afya," nikamwambia. "Tatizo labda ni wateja."

Naona haya kuiandika sentensi hiyo. Wangapi kati yenu mmeshaisema wiki hii? Nilikunywa chai yake ya maziwa yenye tangawizi, nikapokea ujira wangu, nikaenda zangu nikijiona mtu wa maana.

Wiki kama sita baadaye Mama Kulwa alikuja kwenye meza yangu ya kazi. Hakuwahi kufika pale. Alisimama akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, tukasalimiana kwa kirefu, shikamoo, marahaba, habari za watoto, habari za mvua ya Tinde. 

"Mama Neema," akasema, "wewe ndiye uliyesema ule ukurasa ni mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona sisi tunakufa?"

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningejitetea. Aliuliza kama anayetaka kweli kuelewa, akisubiri mimi niliyesoma nimweleze. Masika yalikuwa yamebakiza mwezi hivi.

Hapa niwaambie kuhusu aliyenifundisha kazi, Mzee Ndaki, fundi wa taipureta tangu enzi za riboni za rangi mbili. Siku moja tuliitwa ofisi moja ya serikali. Taipureta ilikuwa inakwama, lakini mchana tu. Asubuhi inachapa vizuri kabisa. Niliifungua nikaisafisha, nikaipaka mafuta, nikaijaribu asubuhi, ikaimba. Mchana ikakwama. Nikarudi mara tatu. Mara ya nne Mzee Ndaki alikuja mwenyewe, hakufungua hata mkoba wa vifaa. Aliomba kiti, akakaa pembeni ya mchapaji kuanzia asubuhi, akimwangalia tu. Ilipofika saa saba, dada yule akatoa karanga za kukaanga kwenye droo, akawa anazimenya juu ya mashine huku anasoma barua. Maganda yakawa yanaingia katikati ya mikono ya herufi, mepesi hata huyaoni. Mzee Ndaki akaniangalia akatabasamu. Tukiwa njiani ndipo akaniambia nimekuwa naitengeneza mashine wakati haitumiki, na mashine isiyotumika haina ugonjwa.

Mama Kulwa alipoondoka nilizikumbuka karanga zile, nikaona kosa langu lilivyo. Ukurasa nilikuwa nimeuangalia kwa mwenyewe. Sikuwa nimemwangalia mteja akiufungua.

Kesho yake nilimwomba Kantilal anwani ya mmoja wa watu aliowaandikia barua, na mfuko mmoja wa mfano. Nikapitia Tinde, nikalala Kahama, nikafika Geita siku ya pili na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mtu wangu alikuwa Bwana Masanja, mtunza stoo wa kampuni moja ya utafiti wa madini. Ofisi yao ilikuwa nyumba ndogo ya bati yenye kompyuta moja na simu moja, na barua ya Kantilal yenye wino mwekundu ilikuwa imebandikwa ukutani na gundi ya karatasi.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwadila. Kaka, naomba uufungue ukurasa huu kama unavyoufungua siku zote. Mimi sitagusa kitu."

Masanja akacheka. "Ule wa mzee? Chukua kiti kabisa. Ule unataka muda."

Akapiga namba, modemu ikalia. Kioo kikawa cheupe. Nikaangalia saa yangu ya mkononi. Baada ya dakika nzima, juu kabisa ya kioo ukatokea mstari mweusi mwembamba kama uzi. Baadaye mwingine chini yake. Ilikuwa kofia.

Mwendesha mtambo wa kutoboa mashimo akaingia na kikombe cha uji, akaona kioo, akaita mwenzake aliyekuwa nje. "Njoo, mzee anashuka!" Mpishi naye akaja na mwiko mkononi. Wakasimama nyuma yetu.

"Leo atafika puani," akasema mpishi.

"Hafiki. Soda moja."

Mstari kwa mstari, kofia ikakamilika, paji la uso likaanza. Na hapa wanangu lazima niseme ukweli: nilisahau kazi iliyonileta. Mtu yule nilimfahamu. Alikufa Shinyanga miaka mingi nyuma, na moto wa mazishi yake ya Kihindu niliuona kwa mbali. Sasa picha yake ilikuwa imehifadhiwa kwenye mashine huko ng'ambo, sijui juu ya meza gani, nyumba gani, na kutoka huko ilikuwa inakuja Geita kupitia uzi wa simu. Mikunjo ya paji lake ilikuwa ileile, mitatu, na kovu dogo upande wa kushoto alilolipata kwa kuangukiwa na jora la kitambaa. Hakuna mtu aliyembeba. Hakupanda gari wala boti. Alikuwa anafika tu, polepole, kipande kwa kipande, mbele ya macho yetu, na watu wazima watatu wenye matope mpaka magotini walikuwa wamesimama wakimsubiri.

Nyusi zikatokea. Simu ikakatika.

"Aaah!" wote kwa pamoja. Mpishi akaenda kutoa soda yake.

Dakika nane zilikuwa zimepita. Simu ya Geita siku zile haikuvumilia zaidi ya hapo. Nilipiga hesabu pembeni mwa karatasi: kwa mwendo ule Mzee angehitaji zaidi ya saa nzima kufika kwenye ndala zake.

"Sisi tunamjua mpaka nyusi, mayu," akasema Masanja. "Kuna siku tulimwona jicho moja. Hivi anauza nini huyu?"

Swali hilo lilinichoma. Mwaka mzima wa ukurasa, barua za wino mwekundu, cherehani sita zinazosubiri lori, na mteja anauliza anauza nini huyu. Mlango ulikuwa miguuni, na Geita nzima hakuna aliyewahi kufika miguuni.

"Anauza mifuko ya sampuli," nikamwambia, nikautoa ule wa mfano.

Masanja akaugeuza. Akaangalia rafu nyuma yake, ambapo mifuko ya nje ilibaki kidogo, akaangalia tena uliokuwa mkononi. "Hii? Inashonwa Shinyanga? Hapa hapa?"

Nikamuuliza angetaka kujua nini kama angekuwa ananunua. Hakufikiri hata kidogo. Ukilowa unachanika? Kamba imeshonewa kwenye pindo au imewekwa tu? Namba ikiandikwa kwa wino inasambaa? Halafu akaenda mwenyewe, akauchovya mfuko kwenye ndoo, akaujaza tope la mashimo, akaandika namba, akautundika kwa kamba yake kwenye msumari. Tukanywa chai. Tulipomaliza, mfuko ulikuwa palepale, namba inasomeka. Akaugusa kwa kidole mara mbili.

Njiani kurudi nikaelewa pia kwa nini mimi niliuona ukurasa ukifunguka haraka. Kompyuta ikishaichukua picha mara moja huwa inaweka nakala tumboni, na siku nyingine inaitoa hiyo badala ya kwenda kuileta mbali. Ya Kantilal ilikuwa na Mzee mzima ndani yake. Tangu hapo, kila nikikagua ukurasa wa mtu, kitu cha kwanza huwa naifutia mashine akiba yake yote, ianze kwa njaa. Bado mnapaswa kufanya hivyo, na hamfanyi.

Nilidhani kazi ngumu imeisha. Kumbe ilikuwa bado.

"Nimtoe baba yangu mlangoni?" Kantilal alisimama nyuma ya kaunta. "Asimame nyuma ya mifuko?"

"Si kumtoa. Kumpunguza, na kumsogeza chini."

"Chini! Mama Neema, wewe wako ungemsogeza chini?"

Juu ya kichwa chake Mzee alikuwa anatuangalia na shada lake jipya. Nilijua hesabu zangu zilikuwa sahihi, na nilijua hazikuwa na nguvu yoyote mbele ya hasira ile, kwa sababu hasira yenyewe ilikuwa upendo mtupu. Kijana, utakutana na haya. Ukurasa wa biashara ndogo huwa una mtu ndani yake, na mara nyingi kinachouzuia usitembee ndicho kitu ambacho mwenyewe anakipenda kuliko vyote.

Cherehani moja ikanyamaza chumba cha nyuma. Mama Kulwa akaja mlangoni, miwani juu ya kichwa.

"Kanti mwanangu," akasema, "mzee wako ulimwona lini akimsimamisha mteja mlangoni?"

Kantilal akageuka kumtazama.

"Mteja akiingia, yeye ndiye anayeinuka. Mtu akitaka kuinama kumsalimia, anamshika mabega anamwinua. 'Unataka nini nikuletee?' Kila siku hivyo. Kugusa miguu ilikuwa yenu ninyi wanawe. Mteja hakumruhusu hata mara moja, alikuwa anaona aibu." Akaangalia ile picha. "Bhebhe, wewe ulimwona baba akiwa nyumbani. Mimi nilimwona akiwa kazini."

Kantilal alikaa kwenye jora la kitambaa. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa tutamweka wapi?"

"Karibu na namba ya simu," akasema Mama Kulwa. "Simu alipenda kuipokea mwenyewe."

Nikaanza kazi palepale. Picha ya Mzee niliipunguza mpaka ikawa saizi ya stempu, nikaijaribu mara kumi na kitu mpaka uso wake ukatambulika. Juu kabisa, mahali pa kofia, nikaandika maneno matupu bila pambo: mifuko ya pamba ya sampuli, inashonwa Shinyanga. Chini yake vipimo. Chini yake majibu ya maswali yote matatu ya Masanja kwa mpangilio uleule aliouliza: haichaniki ikilowa, kamba imeshonewa, wino hausambai. Kisha tunashona mingapi kwa wiki, na simu. Tulitia picha moja ndogo ya mfuko uliojaa tope mkononi mwa Mama Kulwa, mtu apate kuona ukubwa wake kwa kuulinganisha na mkono. Alitaka kunawa kwanza nikamkataza. Salamu ndefu za Kantilal nilizihamishia ukurasa wa nyuma. Alilalamika kidogo kwamba tutaonekana hatuna adabu, tunaanza biashara bila kuulizana hali, nikamwambia watafiti tutawauliza hali wakishanunua.

Kuupeleka ukurasa mpya kule ng'ambo tulisubiri saa ya chakula cha mchana, maofisi yamefungwa na laini za simu zimepumua. Ilikatika mara mbili. Mara ya tatu ikapita.

Sasa ilibaki kujua kama Geita wanauona. Masanja alikuwa na simu moja tu, na hiyohiyo ndiyo iliyobeba intaneti, kwa hiyo asingeweza kuangalia na kuongea kwa wakati mmoja. Tukakubaliana kwamba saa kumi kamili afungue, akimaliza anipigie. Nikakaa kando ya simu ya Kantilal tayari kwa kusubiri dakika nane. Dakika mbili hazijaisha, simu ikalia. Nilijua laini imekata mapema kuliko siku zote.

"Imekataa, kaka?"

"Imekataa nini? Nimeshasoma yote, mpaka mwisho. Kumbe mzee ana sharubu nzuri hivi!"

Nilimpa Kantilal mkonga wa simu asikie mwenyewe. Fikirini. Mimi nimekaa Shinyanga, nimebonyeza herufi kwa vidole vyangu hivi vyenye mafuta ya taipureta, na mtu aliyeko Geita, mbali na mimi safari ya siku mbili, amesoma nilichoandika kabla chai yangu haijapoa. Nilitoka nje nikaangalia waya wa simu ukutani. Ulikuwa waya wa kawaida, una kunguru wawili juu yake. Nilisimama pale nikiuangalia mpaka watu wakaanza kunisalimia kwa wasiwasi.

Lakini Masanja hakuwa mnunuzi. Alikuwa mtunza stoo, na wanunuzi wa kampuni yao walikaa huko ng'ambo. Alisema atawatumia anwani ya ukurasa, zaidi ya hapo hana uwezo. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Kila asubuhi Kantilal alifungua sanduku la barua la kompyuta akalikuta tupu. Mvua za masika zikakata. Akampigia kaka yake.

Jumamosi lori lilikuja. Nilifika mapema kwa sababu kompyuta nayo ilikuwa inaenda Dar, nami niliombwa kuichomoa na kuifunga vizuri. Cherehani zilikuwa zimefungwa kwa magunia na kamba. Mbili zilikuwa tayari juu ya lori. Washonaji walikuwa wamesimama kando ya ukuta na nguo zao za kanisani, sijui kwa nini walivaa hivyo, hakuna aliyewaambia. Mama Kulwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya cherehani yake iliyofungwa, mikono mapajani.

Kabla ya kuchomoa waya nilimuuliza Kantilal kama naweza kupiga mara ya mwisho. Alitikisa bega tu. Modemu ikalia. Nilikuwa nimeshajizoeza kukuta tupu, nikawa nakunja waya wa kipanya huku nasubiri.

Barua moja. Ilikuwa inashuka mstari kwa mstari.

Nikaita. Kantilal akaja, akasoma juu ya bega langu, akashika nyuma ya kiti changu. "Wasomee," akaniambia. "Kwa Kiswahili. Mimi siwezi."

Nikasimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma nikawasomea. Nikawaambia anayeandika ni mtu aliye mbali sana, kwake sasa hivi ni usiku, hajawahi kufika Shinyanga. Kwamba ameuona ukurasa. Kwamba mtunza stoo wake wa Geita amemwambia ameujaribu mfuko mwenyewe kwa maji na tope. Kwamba anahitaji mifuko ya kambi tatu, na baada ya hizo zipo nyingine. Washonaji hawakupiga vigelegele. Walikuwa wananitazama mdomo, kama wanaogopa nitafika mahali ambapo mwandishi atabadili mawazo. Dereva wa lori akaingia kuuliza kama apandishe zilizobaki au ashushe zile mbili.

Mwisho wa barua kulikuwa na swali moja tu: mnaweza kuanza lini?

Niligeuka kumuuliza Kantilal nimjibu nini. Ilinibidi nipaze sauti, kwa sababu magunia yalikuwa sakafuni na cherehani ya Mama Kulwa ilikuwa imeshaanza.